Namna ya Kusafiri kutoka Malindi hadi Mombasa bila Kugusa Simu

Kazi ya kuiacha simu hufanywa gari likiwa limezimwa. Dereva anayejiambia kwamba atajizuia akiwa njiani, huku simu imelala pajani ikiwaka na kuzima, amekwisha kushindwa kabla hajaupita uwanja wa ndege wa Malindi, kwa sababu mkono wa binadamu huitikia mlio kabla akili haijatoa ruhusa. Mwongozo huu ni wa wanaoendesha magari, tuktuk na pikipiki mjini Malindi na katika barabara ya kilomita 120 hivi inayoteremka hadi Mombasa, na pia ni wa wale wanaowapigia simu watu hao. Mimi ni dereva wa gari la kukodi, na sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza nimejifunza kutokana na makosa yangu mwenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya Msabaha, alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa nikirudi mjini. Mteja mmoja alikuwa ameahidi kunilipa kwa M-Pesa, na simu ilipotoa ule mlio mfupi wa ujumbe niliinamisha macho nione kama neno "Imethibitishwa" limeingia. Nilipoyainua, mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo wa makuti alikuwa mbele ya taa yangu ya kushoto. Niliuvuta usukani kulia kwa nguvu, na ncha za makuti zikaukwaruza ubavu wa gari kutoka mbele hadi nyuma kwa sauti ninayoikumbuka mpaka leo. Nilisimama mbele kidogo, nikarudi kwa miguu. Mzee aliilaza baiskeli yake taratibu, akayakagua makuti, kisha akanitazama na kuniuliza, "Mwanangu, u mzima?" Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi. Ule ujumbe wenyewe haukuwa wa malipo. Ulikuwa ni tangazo la bando za intaneti.

Hesabu ya mita

Madereva wengi hukadiria kwa dakika, na kwa kipimo hicho kutupa jicho kwenye simu huonekana si kitu. Ukikadiria kwa mita, habari hubadilika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari ya abiria ya umma nchini Kenya, hupita takriban mita 22 katika kila sekunde. Utafiti uliofanywa na chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani na kutangazwa mwaka 2009, ambao uliwafuata madereva wa malori kwa kamera zilizofungwa ndani ya magari yao, ulionyesha kwamba dereva anayeandika ujumbe huyaondoa macho yake barabarani kwa sekunde 4.6 katika kila kipindi cha sekunde 6. Zidisha sekunde hizo kwa mita 22 upate zaidi ya mita 100, yaani karibu urefu wa uwanja mzima wa mpira, umeupita ukiwa umefumba macho. Hata ukiwa macho kabisa, kati ya kuliona jambo na mguu kufika kwenye breki hupita sekunde moja au moja na nusu, na baada ya hapo gari lenye matairi mazuri katika lami kavu huhitaji mita nyingine 35 hivi ili lisimame. Mvua za masika zikiilowesha lami, mita hizo huongezeka.

Wapo wanaojibu kwamba wao hawasomi wala hawaandiki, bali huzungumza tu, tena kwa kipaza sauti au kwa spika za masikioni, mikono yao yote miwili ikiwa kwenye usukani. Hapa ndipo watu wengi waangalifu wanapopotoka, kwa hiyo nitapaeleza kwa urefu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walichunguza rekodi za simu za madereva 699 waliopata ajali, wakaona kwamba hatari ya kugongana wakati wa kutumia simu ni karibu mara nne ya hatari ya kawaida, na kwamba wale waliokuwa na simu zisizohitaji kushikwa hawakuonekana kuwa salama zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo hutaja kiwango hichohicho cha mara nne. Sababu ni kwamba mkono ni sehemu ndogo tu ya udereva. Mtu anayesikiliza habari za shamba linalouzwa Ganda huanza kuliona hilo shamba: huiona mipaka yake, humwona ndugu anayekataa kutia sahihi, na wakati huo macho yake yanaitazama barabara bila kuipokea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah waliyapima macho ya madereva wa namna hiyo, wakakuta kwamba hata vitu ambavyo macho yalivielekea moja kwa moja havikukumbukwa vizuri baadaye.

Tena akili hairudi papo hapo mazungumzo yanapokwisha. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2015 na taasisi ya usalama barabarani ya chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, yalionyesha kwamba baada ya kutoa amri kwa sauti kwa simu au kwa mitambo ya gari, dereva aweza kubaki na mawazo yaliyogawanyika kwa muda wa hadi sekunde 27. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni mita 600. Ukikata simu ukiwa nje ya Gede, unaweza kulifikia soko akili yako ikiwa bado inajibishana na uliyemwacha.

Huenda ukauliza tofauti iko wapi na kuzungumza na abiria aliyeketi kando yako. Tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Lori likijitokeza ghafla mbele yenu, hunyamaza katikati ya neno, na mara nyingine hushika dashibodi kabla yako. Aliyeko nyumbani hajui kwamba lori limetokea, na ukinyamaza yeye huuliza, "Haloo? Unanisikia?"

Kabla ya kuwasha gari

Keti kwenye kiti, mlango ukiwa umefungwa na ufunguo ukiwa bado mkononi, kisha toa taarifa. Mwandikie anayekungoja na anayekuaga ujumbe mmoja unaotaja saa na mahali: kwamba unaondoka Malindi saa tatu asubuhi, kwamba unatarajia kuwa Kilifi saa nne na kitu, na kwamba hapo ndipo utakapoishika simu tena. Ujumbe wa namna hii huzuia simu nyingi kuliko mpangilio wowote wa simu, kwa sababu watu wengi hawapigi kwa kuwa wana neno la haraka. Hupiga kwa kuwa hawajui ulipo.

Kisha funga milio. Katika simu nyingi za Android zilizowekwa lugha ya Kiswahili mpangilio wa kunyamazisha umeandikwa "Usinisumbue", na ndani yake unaweza kuchagua watu wachache ambao simu zao zitaruhusiwa kulia. Simu za iPhone zina mpangilio maalumu wa wakati wa kuendesha, ambao unaweza kumjibu mwandishi wa ujumbe kwamba uko njiani na utasoma baadaye. Kuna kipengele kingine kinachofaa sana, nacho ni kile kinachomruhusu mtu anayerudia kupiga baada ya muda mfupi asikike hata milio ikiwa imefungwa. Kubalianeni nyumbani kwamba kupiga mara mbili mfululizo maana yake ni dharura, na kwamba ukisikia hivyo hutapokea, bali utatafuta mahali salama usimame kisha upige wewe. Makubaliano haya huhitaji familia yenye nidhamu. Nina shangazi ambaye hupiga mara tatu hata anapotaka kuniuliza bei ya samaki, na kwa ajili yake nimelazimika kukizima kipengele hicho.

Kama unakwenda mahali usipopajua, labda nyumba ya wageni katika vichochoro vya mchanga vya Watamu, pata maelekezo yote kabla ya kuondoka. Iweke ramani, isikilize sauti yake kama inatosha, na ukiwa na mtu kando yako mpe yeye kazi ya kuisoma. Ukipotea, simama. Hakuna ramani iliyowahi kurekebishwa vizuri na mtu anayekwepa mashimo.

Baada ya hapo, ondoa simu machoni na mkononi. Isiwe pajani, isiwe katikati ya miguu ambako ikianguka yaweza kuingia chini ya kanyagio la breki, wala isiegemezwe juu ya dashibodi ambako huteleza katika kila kona na kukufanya uidake. Mimi huitia katika mfuko wenye zipu na kuuweka mfuko huo sakafuni nyuma ya kiti changu, mahali ambapo siwezi kuufikia bila kufungua mkanda. Wenzangu hunicheka kwamba nimeifunga simu kama mwizi, nami nawajibu kwamba anayefungwa hapo ni mimi.

Vituo vya kusimama

Dereva aliyepanga mahali pa kusimama haibiwi na simu, kwa kuwa anajua zamu yake inakuja. Kwa safari ya Malindi hadi Mombasa, kituo cha asili ni Kilifi, karibu katikati ya njia, penye vituo vya mafuta na nafasi ya kuegesha nje kabisa ya lami. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalivushwa kwa kivuko, na kila dereva alisimama atake asitake. Akashuka, akanunua korosho, akanyoosha mgongo. Daraja limetupunguzia safari, lakini pia limetuondolea mapumziko ambayo sasa inatubidi tujipangie wenyewe.

Mahali pa kusimama pawe mahali pa kusimama kweli. Ukingo wa barabara penye msitu wa Arabuko-Sokoke si mahali pake, kwani hapo nyani huvuka bila taarifa na magari huwa yameshika kasi. Wala usisimame kwenye kona au juu ya daraja. Ikibidi kusimama kwa dharura, washa taa za tahadhari, toka kabisa nje ya lami, weka pembetatu za kuakisi nyuma ya gari, kisha upige simu ukiwa umesimama mbali na magari yanayopita. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Sehemu inayowashinda wengi si ile ya mwendo wa kasi, bali ni Mtwapa, penye msongamano. Magari yanatambaa, dereva anachoka, na simu huonekana kuwa burudani isiyo na madhara. Lakini katika msongamano huo bodaboda hupenya kushoto na kulia kwa upana wa kiwiko, wauza maji na njugu hutembea katikati ya magari, na watoto wa shule huvuka wakifuatana, kiongozi wao akiwa amekwisha kuvuka na wa mwisho akiwa bado anakimbia. Gari linalokwenda polepole laweza kumvunja mtu mguu. Kisheria pia, gari linalotambaa ni gari lililo katika mwendo: kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda. Faini hiyo ni ndogo, na kwa maoni yangu ni ndogo mno. Lakini ukisababisha kifo kwa kuendesha kwa namna ya hatari, Sheria ya Trafiki inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Usiku, mambo mawili huungana. Kioo cha simu hung'aa usoni na kuyapumbaza macho, nayo huhitaji muda kulizoea tena giza. Na nje, kati ya Matsangoni na Gede, kuna watu wenye nguo nyeusi wanaotoka madukani na baiskeli zisizo na taa wala kiakisi.

Wanaoelekea kaskazini, kuvuka daraja la Sabaki kupitia Mambrui na Garsen hadi Mokowe kwa wanaokwenda Lamu, wana jaribu la aina nyingine. Njia hiyo ni ya zaidi ya kilomita 200, na ina vipande ambavyo mtandao hupotea. Dereva huanza kuitazama simu mara kwa mara aone kama vijiti vya mtandao vimerudi, na vinaporudi ujumbe wote wa saa nzima huingia kwa pamoja, mlio juu ya mlio, mfano wa mvua juu ya bati. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuinama. Kwa njia hiyo nashauri simu izimwe kabisa hadi Garsen, kisha izimwe tena hadi Witu.

Tuktuk na pikipiki

Malindi ni mji wa tuktuk, na dereva wa tuktuk yuko katika hali ngumu kuliko mwenye gari, kwa kuwa simu ndiyo ofisi yake. Mteja wa Casuarina humpigia akiwa Maweni, na asipopokea, mteja humpigia mwingine. Siwezi kumwambia mtu aache riziki. Ninaloweza kumwambia ni jinsi chombo chake kilivyo. Katika tuktuk nyingi zilizopo mjini mwetu, mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi na kubadilisha gia, na mkono wa kulia ndio unaotia mafuta. Anayeishika simu kwa mkono wa kushoto hana klachi wala gia; anayeishika kwa mkono wa kulia hana mafuta, na usukani wote umebaki kwa mkono mmoja. Isitoshe, chombo cha magurudumu matatu hupinduka upesi kikikatwa kona kwa ghafla, na mtu anayeshtuka akiwa na simu mkononi hukata kona namna hiyohiyo.

Lililo rahisi ni kuwazoesha wateja. Waambie wateja wako wa kila siku wakuandikie ujumbe wa maneno mawili, jina la mtaa na saa, nawe uwajibu kila unapomshusha abiria, ambapo chombo kimesimama kwa vyovyote. Safari za mjini ni fupi, na mara nyingi hutakawia zaidi ya dakika kumi kujibu. Malipo ya M-Pesa yathibitishwe abiria akiwa bado amesimama kando yako. Usiondoke huku ukisubiri ujumbe uingie, wala usione haya kumwambia abiria, "Kaka, tungoje kidogo uingie," kwa maana haya hiyo ndiyo iliyonipeleka mimi hadi kwenye makuti ya yule mzee wa Msabaha.

Kwa wenye bodaboda nina ombi moja tu, nalo ni kuiacha ile desturi ya kuichomeka simu ndani ya kofia, kati ya shavu na sikio. Simu iliyobanwa hivyo huziba sikio ambalo lingesikia honi ya lori linalotoka nyuma, huipindisha shingo, na hulegeza kofia isikae sawa kichwani. Nayo ikianza kuteleza, mkono unaopanda kuizuia ama ni ule wa klachi, ama ni ule wa breki ya mbele. Anayetaka kupokea simu na asimame. Pikipiki haihitaji maegesho.

Ukiwa abiria

Watu wengi huogopa kumwambia dereva wa matatu aiweke simu chini, na hofu hiyo ina msingi wake, kwani dereva anayekaripiwa mbele ya abiria mara nyingine huongeza mwendo kwa hasira. Namna ya kusema ndiyo yenye kufaa. Wakati mmoja nilikuwa abiria katika matatu iliyotoka Malindi, gari langu likiwa gereji, na dereva alikuwa akizungumza na mwenye gari kuhusu hesabu ya siku iliyotangulia, mkono mmoja sikioni. Aliyekuwa ameketi kiti cha mbele ni mama mmoja mtu mzima mwenye buibui. Hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi, akasema, "Mwanangu, hebu nipe mimi hiyo simu nikushikie mpaka Kilifi. Huyo bosi wako nitamjibu mimi." Gari zima lilicheka, dereva naye akacheka, na simu ikaenda kwa yule mama. Bosi alipopiga tena, mama alipokea kweli, akamwamkua, akamwuliza habari za watoto wake, na akamweleza kwamba kijana anaendesha na ana roho za watu kumi na wanne nyuma yake.

Kisa hicho kinaonyesha pia mahali ambapo lawama huwa haifiki. Mwenye gari anayempigia dereva wake saa ya kazi, na kukasirika asipojibiwa, ni mshirika katika hatari hiyo. Utaratibu wa haki ni kwamba hesabu, mafuta na mambo ya steji yaulizwe kwa makanga, ambaye mikono yake haina usukani, na simu ya dereva ikae kwa makanga huyo hadi mwisho wa safari.

Anayepiga simu

Sisi watu wa Pwani hatuna simu fupi. Anayepiga huanza kwa salamu, huuliza hali yako, hali ya mama watoto, hali ya watoto, hali ya wazee, na habari za huko uliko, na ni utovu wa adabu kumkatiza mjomba katikati ya hayo ili umwulize alichotaka. Kwa hiyo dereva anayejiambia kwamba atapokea "mara moja tu" anajidanganya, kwani hata kabla ya neno lenyewe kuanza amekwisha kupita kilomita mbili. Dawa iko kwa anayepiga: swali la kwanza, kabla ya hujambo, liwe "Unaendesha?" na jibu likiwa ndiyo, neno la pili liwe "Ukisimama nipigie," kisha simu ikatwe pale pale. Aliyekatiwa hivyo asijione amevunjiwa heshima.

Katika Ramadhani jambo hili lahitaji uangalifu zaidi. Saa moja kabla ya magharibi barabara hujaa watu wenye njaa na kiu wanaokimbilia nyumbani, na saa hiyohiyo simu huanza kulia: umefika wapi, pita ununue tende, futari iko mezani. Yote hayo ni mapenzi, lakini yanamfikia mtu aliye katika hali dhaifu kuliko zote za siku nzima. Mahitaji ya dukani yaandikwe asubuhi. Na atakayechelewa, apewe futari yake ya njiani, tende tatu na chupa ya maji, ili asiwe na haja ya kushindana na adhana.

Nimeliacha la tanzia mwisho kwa sababu ndilo zito. Habari ya msiba isipelekwe kwa mtu anayeendesha. Najua kwamba kila mtu hutaka ndugu wajue upesi, hasa kwa kuwa mazishi ya Waislamu hayachelewi na anayehusika huenda akahitaji kugeuza njia. Lakini dakika 30 za kusubiri hazimzuii mtu kuwahi maziko. Kama unajua kwamba anaendesha, mpigie aliye pamoja naye garini, umwombe wasimame kwanza. Kama yuko peke yake, mwambie tu kwa sauti ya kawaida asimame mahali pazuri akupigie, na usitaje jina la mtu yeyote. Sauti ikitetemeka atakuwa amejua. Na ikiwa wewe ndiye umeipata habari hiyo barabarani, simamisha gari na usiliendeshe tena siku hiyo. Katika kila mji wa njia hii kuna dereva anayeweza kupatikana kwa nauli ya kawaida, na kwa msiba wengi wao watakupeleka bila hata kuitaja nauli.

Ukifika Mombasa, egesha, vuta breki ya mkono, zima injini, fungua mkanda, ndipo uufikie ule mfuko ulio nyuma ya kiti. Usianze na ujumbe mpya kabisa, bali anza na waliopiga mara mbili. Baada yao piga nyumbani useme umefika, na hapo waulize hali zao wote, mmoja mmoja, kwa kadiri wanavyopenda kuulizwa.